Kukhu alipita na redio, mimi nikaanguka na simu mkononi

Leo sina video. Hii naandika, kwa sababu stori yenyewe ina zaidi ya miaka sitini ndani yake na dakika moja haitoshi.

Wiki jana msee mmoja alinitumia ujumbe: "Bro, wewe ni mwalimu, nipe siri ya kupita mtihani wa ualimu. Niko na wiki sita." Nikaanza kumjibu. Nikafuta. Nikaanza tena. Ukweli ni kwamba mimi si mtu wa kuombwa siri. Mnaniona hapa nikiigiza mwalimu mkuu na kengele yake, mnacheka, mnasambaza. Ile sijawahi kusema ni kwamba mtihani wangu wa P1 nilianguka Hesabu. Mara ya kwanza, kabisa. Matokeo yalitoka nikiwa kwa kibanda cha chai pale stendi ya Kitale, na nilisoma ile simu mara tatu nikidhani mtandao unanichezea.

Mtu aliyenitoa huko si kitabu wala gwiji wa intaneti. Ni nyanya yangu, Kukhu, mwalimu mstaafu huko Bungoma, upande wa Chwele. Na nilipoanza kuuliza yeye alipitaje mitihani yake, nikagundua kwamba hii nchi imekuwa ikimsimamisha mwalimu mlangoni na kumwambia "bado kimoja" tangu kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Kila kizazi na mlango wake. Kwa hivyo kabla ya siri ya wiki sita, wacha nikupe historia. Siri iko ndani.

Mwanzo, mwalimu alipewa leseni na padri

Huku kwetu magharibi, shule zilikuja na misheni. Marafiki, wale Wakweka kutoka Marekani, walifika Kaimosi 1902, halafu wakasambaa hadi Lugulu. Wakatoliki wa Mill Hill nao wakajenga Kibabii miaka ya 1930. Siku hizo ualimu haukuwa na bodi wala namba. Kijana aliyejua kusoma, aliyebatizwa na mwenye tabia nzuri, alipewa kipande cha chaki na darasa. Mara nyingi huyo huyo ndiye aliyeongoza ibada Jumapili. Ukigombana na misheni, umepoteza kanisa na kazi siku moja.

Serikali ya mkoloni iliunda Idara ya Elimu 1911, lakini kwa muda mrefu iliacha elimu ya Mwafrika mikononi mwa misheni. Mwaka wa 1924 ikaja Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani kukagua shule za Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata ikafunguliwa Shule ya Jeanes pale Kabete. Kazi ya Jeanes ilikuwa kufundisha walimu ambao wangezunguka vijijini kuwasaidia walimu wengine. Hapo ndipo wazo hili lilipoanza kushika: kwamba mwalimu mwenyewe anahitaji kufundishwa, na mtu fulani lazima aangalie kama amefunzika.

Kitale ilikuwa dunia nyingine. Reli ilifika 1926, na Trans Nzoia ilikuwa nchi ya walowezi. Watoto wao walikuwa na shule yao. Mtoto wa kibarua wa shamba, akibahatika, alikuwa na kibanda cha shule ya shambani na mwalimu mmoja. Ukiona leo vile Kitale na Bungoma zimeunganishwa na matatu za kila dakika, ni rahisi kusahau kwamba mpaka kati yao ulikuwa ni mpaka wa nani anastahili kusoma.

Halafu 1949 ikaja Ripoti ya Beecher. Wazee waliosoma enzi hizo bado wanaitaja kwa uchungu. Iliweka mchujo: miaka minne, mtihani, miaka minne mingine, mtihani tena. Wengi waliishia kwa ule mchujo wa kwanza. Waliofika darasa la nane ndio walioweza kuchukuliwa vyuo vya ualimu, na wakitoka walipewa daraja kulingana na masomo waliyokuwa nayo kabla. Baadaye madaraja hayo yakaitwa P1, P2, P3, P4. P1 ni yule aliyemaliza kidato cha nne. P2 alikuwa na miaka miwili ya sekondari. P3 alikuwa amemaliza shule ya msingi tu.

Kukhu alikuwa P3.

Nchi huru, walimu hakuna

Kukhu alizaliwa 1948. Alimaliza shule ya msingi mwaka ule tulipata uhuru, 1963, akaenda chuo miaka miwili, na 1966 akasimama mbele ya darasa la watoto wengi kuliko madawati. Alikuwa na miaka kumi na minane. Baadhi ya wanafunzi wake walikuwa wanalingana naye kimo.

Serikali mpya iliona shida hii mapema. Tume ya Ominde, iliyotoa ripoti yake 1964 na 1965, ilisema wazi kwamba shule zimejaa walimu ambao hawajafunzwa au wamefunzwa kidogo, na ikapendekeza wasaidiwe kusoma wakiwa kazini, kwa masomo ya posta na redio. Huwezi kuwatoa maelfu ya walimu darasani uwapeleke chuo wote pamoja. Nani atabaki na watoto?

Kuna jambo lingine lilifanyika wakati huo. KNUT ilikuwa imeanzishwa 1957, na kilio chake kikubwa kilikuwa mwajiri mmoja. Mwalimu wa misheni, mwalimu wa baraza la wilaya na mwalimu wa serikali wangefanya kazi ileile na kulipwa tofauti, na mwingine alipwe akichelewa miezi. Baada ya vuta nikuvute na migomo, 1967 ikapitishwa sheria ya kuunda TSC. Kukhu anasema siku alipopata namba yake ya TSC aliiandika nyuma ya mlango wa kabati kwa makaa, ndio hata nyumba ikiungua aikumbuke. Nikamwambia nyumba ikiungua na mlango unaungua. Akaniangalia tu.

Mwaka huohuo wa 1967, Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, kilianzisha kitengo cha masomo kwa posta huko Kikuyu, kwa msaada wa Wamarekani. Mwalimu anajiandikisha. Anatumiwa vitabu na mwongozo kwa posta. Redio ya taifa, Sauti ya Kenya, inarusha vipindi vya masomo hayo. Anafanya zoezi, analituma Kikuyu, linasahihishwa, linarudi. Likizo anakutana na wakufunzi ana kwa ana. Mwishoni anaketi mtihani wa kidato cha pili, KJSE, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akipita, anapandishwa kutoka P3 hadi P2, na mshahara unapanda naye.

Soma hiyo sentensi ya mwisho tena, tutairudia.

Vile alisoma

Kukhu alijiandikisha 1969. Alikuwa ameolewa, na mtoto wa kwanza mgongoni, na wa pili njiani. Walikuwa walimu watano wa eneo hilo, yeye mwanamke peke yake. Redio ilikuwa moja, ya mwalimu mkuu, ya betri. Betri zikichoka walizianika juani kwenye bati zipate nguvu kidogo ya kumalizia wiki.

Nilimuuliza hii maneno ya redio ilikuwaje, kwa sababu kwa akili yangu redio ni kitu cha kusikiliza ukiosha vyombo. Akasema: "Kipindi kilikuja mara moja. Ukikohoa, kimepita." Hakuna kurudisha nyuma. Hakuna kusema nitaiona baadaye. Kwa hivyo waligawana kazi. Mmoja anaandika maneno mapya, mmoja anaandika mifano, mmoja anaandika maswali. Kipindi kikiisha wanakaa hapohapo na kandili, wanaunganisha kile kila mtu alishika mpaka kieleweke.

Halafu kila mtu alipewa somo lake la kuwafundisha wenzake. Kukhu alipewa Jiografia, kwa sababu ndiyo alikuwa hajui kabisa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao: unapewa lile usilolijua. Yule aliyejua Hesabu alipewa Kiingereza, wa Kiingereza akapewa sayansi. Ukifundisha walimu wenzako kitu usichokijua, wiki nzima hulali, unasoma. Aibu ni mwalimu mkali.

Mazoezi yaliporudi kutoka Kikuyu yakiwa na wino mwekundu, hawakuangalia alama kwanza. Walifungua daftari moja la pamoja, wakaandika kila kosa la kila mtu, bila jina. Kosa likitokea mara ya tatu lilipigiwa mstari, na Jumamosi lilijadiliwa lenyewe. Hilo daftari bado lipo. Jalada limeliwa na mende, lakini ndani mwandiko unasomeka. Ukurasa mmoja una kosa lilelile la sehemu, robo na theluthi kujumlishwa kama mahindi na maharagwe, limepigiwa mstari mara mbili.

Aliketi mtihani 1971. Akapita. Akawa P2.

Usifikiri hapo aliimbiwa, mambo yakaisha. Alijaribu mtihani wa kidato cha nne akiwa kazini, mara mbili, na mara zote mbili hakufaulu. Hilo hulielezea bila kupunguza sauti. Mwaka wa 1974 Kenyatta alikuwa ameondoa karo kuanzia darasa la kwanza hadi la nne, na wanafunzi wa shule za msingi nchini wakaruka kutoka kama milioni 1.8 hadi karibu milioni 2.8 kwa mwaka mmoja. Darasa la Kukhu likagawanywa mara mbili, asubuhi na mchana, na wakaletwa vijana ambao hawajasomea ualimu kabisa kusaidia. Alikuwa akiwafundisha watoto na walimu pamoja. "Huo mtihani niliufanya nikiwa nimelala," anasema. Hatimaye alipata P1 kwa njia nyingine: wakaguzi walikuja, wakakaa nyuma ya darasa, wakamwona akifundisha. Alistaafu 2003, mwaka ule elimu ya msingi ilifanywa bure tena na madarasa yakafurika tena. Alitoka vile aliingia, na watoto wengi kuliko madawati.

Sasa mimi

Mimi niliingia chuo 2017. Sitataja ni kipi, na si kosa lake vile nilianguka. Wakati huo P1 ilikuwa ya miaka miwili, mtihani wa mwisho unatungwa na KNEC, baraza ambalo sheria yake ilipitishwa 1980. Nilikuwa na simu nzuri. Nilikuwa na karatasi za miaka ya nyuma zote, zimepangwa kwa mafaili. Nilikuwa kwa vikundi vinne vya WhatsApp vya kusoma. Usiku nilitazama watu wakisuluhisha hesabu kwa video, na kila wakimaliza nilisema "aah, hii najua."

Manze, hakuna uongo mtamu kama huo. Kutazama mtu akisuluhisha na kusuluhisha mwenyewe ni vitu viwili. Ni kama kutazama mtu akiogelea Mto Nzoia halafu ujitupe.

Na kulikuwa na shida nyingine ambayo sikuiona. Mtihani wa mwalimu haukuulizi tu jibu. Unakuuliza ungemfundishaje mtoto afike kwa jibu. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kama mwanafunzi wa sekondari anayerudia KCSE. Swali likija "eleza hatua utakazotumia kufundisha", niliandika mistari miwili, nikaenda mbele. TP nilipita vizuri kwa sababu watoto walinipenda na mtathmini alikuja siku ya wimbo. Karatasi haina wimbo.

Nikaanguka. Halafu nikiwa najipanga kurudia, Machi 2020 shule zote zikafungwa kwa ajili ya korona. Mathe akanituma Bungoma nikakae na Kukhu asikae peke yake. Matatu ya Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Webuye, nikashuka Bungoma na begi moja na mafaili yangu.

Siku ya tatu Kukhu aliniuliza shida ni gani hasa na hiyo Hesabu. Nikamwambia najua, ni presha tu. Akachukua vijiti vya kuwashia moto, akaniita nje, akaita watoto wawili wa jirani waliokuwa wanacheza. "Wafundishe 52 toa 27."

Nikaandika kwa ardhi. Nikasema, mbili haiwezi kutoa saba, kwa hivyo tunakopa moja kwa tano. Yule mdogo, wa darasa la tatu, akaniuliza: "Tunakopa kwa nani? Na tutalipa lini?"

Sikuwa na jibu. Miaka miwili ya chuo, na sikuwa na jibu la mtoto wa miaka tisa.

Kukhu akafunga vijiti kumikumi kwa kamba ya mgomba. Mafungu matano na vijiti viwili pembeni. Akamwambia mtoto nipe vijiti saba. Mtoto akaangalia viwili, akaangalia mafungu, akafikiri, halafu mwenyewe akafungua fungu moja. Sasa ana mafungu manne na vijiti kumi na viwili. Akatoa saba, akatoa mafungu mawili. Ishirini na tano. Hakuna mtu alikopa, hakuna mtu atalipa. Fungu limefunguliwa tu, na idadi ni ileile.

Jioni hiyo nilifuta vikundi vitatu vya WhatsApp.

Tulifanya hivyo miezi. Asubuhi nafundisha watoto wa jirani chini ya mwembe mada moja ya silabasi, kwa vitu vinavyoshikika. Mchana naandika hatua zangu kama jibu la mtihani: vifaa, hatua, maswali nitakayouliza, makosa ninayotarajia mtoto afanye. Jioni Kukhu anasoma na kalamu nyekundu. Niliwatafuta wenzangu watatu waliokuwa wanarudia kama mimi, mmoja Kimilili, wawili Kitale, tukawa tunapigiana simu Jumamosi, kila mtu anafundisha lile alilofeli. Daftari la makosa nilifungua, bila majina. Na mara moja kwa wiki, karatasi nzima, saa ya ukutani, simu imezimwa ikiwa kwa kabati, ile yenye namba ya TSC nyuma ya mlango.

Mtihani ulipokuja hatimaye, nikatoboa. Si kwa alama za kutangazwa. Nilipita.

Halafu mlango ukasogezwa

Sasa hapa ndipo historia inacheka. Mwaka wa 2021, wakati mtaala mpya umeshaingia madarasani, serikali ikafungia P1 mlango. Kuanzia hapo mwalimu wa shule ya msingi anaingia kwa diploma. Sisi wenye P1 tukaambiwa kuna kozi ya kupandisha cheti, UDPTE, na mtihani wake wa KNEC pia. Kabla wino wangu haujakauka.

Mwaka huohuo, Septemba, TSC ikazindua mafunzo ya lazima kwa walimu walio kazini: moduli sita, kila moja ya miaka mitano, na mwalimu alitakiwa kujilipia shilingi 6,000 kila mwaka. Msingi wake uko kwenye Sheria ya TSC ya 2012, inayosema mwalimu atafute cheti cha kufundisha kila miaka mitano. Walimu wengi walipiga kelele, na KNUT ikapinga. Majirani zetu pia hawajalala. Tanzania ilipitisha sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu 2018, na tangu 2025 wahitimu wanaotafuta kazi ya ualimu serikalini wanapitia usaili wenye mtihani wa kuandika, wengine wakiwa wamemaliza chuo miaka kumi iliyopita.

Kuna watu mtaani wanasema mitihani hii yote ni ya kutunyanyasa. Kuna wengine, hasa wazazi, wanasema mwalimu akiogopa mtihani atamfundisha nani? Mimi naona pande zote mbili zinaruka kitu kimoja, na ni ile sentensi niliyokuambia tutairudia.

Kukhu akipita, alipanda. Mpango ulikuwa na ncha mbili. Upande huu, mwalimu anatoa usiku wake, betri zake, likizo yake. Upande ule, serikali inampa daraja na mshahara. Ilikuwa inamhitaji, kwa hivyo ilijenga ngazi ikamshika mkono apande. Leo TSC imeachana na ule utaratibu wa kumpandisha mwalimu kwa sababu ameongeza cheti, jambo lililofika hadi kortini. Na mimi hata sijafika huko kwa kupandishwa. Nina namba ya TSC lakini nalipwa na BOM, yaani na wazazi, pesa ambayo mwezi ukiwa mbaya haifiki. Mtihani ambao kwa Kukhu ulikuwa ngazi, kwetu umekuwa geti. Karatasi inaweza kuwa ileile, lakini ngazi ukiikanyaga inakupandisha. Geti linakuruhusu tu uendelee kusimama kwa foleni ndefu zaidi.

Sisemi mitihani iondolewe. Nimeona mwenyewe mtoto wa jirani akiuliza tunakopa kwa nani. Mwalimu asiyejua kujibu asipewe darasa, na huyo mwalimu nilikuwa mimi. Kuanguka kwangu kulikuwa haki. Ninachosema ni kwamba nchi ikimwambia mwalimu "bado kimoja", iseme pia "na ukikipata, hiki hapa chako". Vilevile, angalia kilichompa Kukhu P1. Mtu alikuja akakaa nyuma ya darasa akamwona akifanya kazi. Yule mwanamke aliyefeli kidato cha nne mara mbili alikuwa mwalimu bora kuliko wengi waliopita, na kulikuwa na njia ya kuliona hilo. Mfumo wowote unaopima ualimu kwa karatasi pekee ungempoteza. Watoto wa Chwele wa miaka thelathini wangempoteza.

Kwa hivyo, wiki sita

Rudi kwa yule msee wangu. Bro, siri ni hii, na si yangu.

Chagua lile unaloogopa zaidi, uanze nalo. Tafuta watu watatu au wanne, si mia mbili na hamsini, na kila mmoja afundishe asichokijua. Usiseme unajua mpaka umekifanya mkono ukiwa peke yake. Weka daftari la makosa na uliheshimu kuliko notisi zako safi. Fundisha mtoto halisi angalau mara mbili kwa wiki, hata kama ni binamu yako wa kulazimishwa, na umwache aulize. Swali atakalouliza ndilo litakalokuwa kwa karatasi, kwa maneno mengine. Mara moja kwa wiki, keti na saa, simu ikiwa mbali. Na usiku kabla ya mtihani, lala. Kukhu anasisitiza hilo la mwisho, anajua kwa nini.

Mimi nimechukua fomu ya UDPTE. Iko hapa mezani karibu na kikombe. Sijajaza bado kwa sababu ya hela, nitadanganya nikisema ni kitu kingine. Jumamosi nilimpigia Kukhu kumwambia nafikiria kungoja mwaka mmoja. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama wale wenzangu watatu nao wamechukua.

Nikasema wawili.

"Basi mko watatu," akasema. "Sisi redio ilikuwa moja."

Najaza kesho. Na wewe, kama kuna mwalimu mzee kwenu, mpigie simu leo umuulize alikuwa P ngapi na alifikaje hapo. Kaa chini kwanza kabla hajaanza.